Kutoka Kitale Hadi Kilima cha Chetambe

Safari yangu ya kwanza ya Kitale na Bungoma ilianzia Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, katika shamba la stroberi. Nilikwenda huko kwa viza ya kibarua wa msimu, ile inayomruhusu mtu kufanya kazi ya shamba kwa miezi isiyozidi 6 kisha arudi kwao. Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa kijana wa Kibukusu, mwenyeji wa Webuye, Bungoma. Siku moja ya mapumziko tulipanda basi hadi Canterbury, tukalipa kiingilio, tukaoneshwa mahali ndani ya kanisa kuu ambapo Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa mwaka 1170. Tulipotoka nje mwenzangu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: “Ndugu yangu, kwetu kuna kilima walipofia watu wetu mwaka 1895. Wewe Mkenya mwenzangu, umewahi kukisikia?”

Sikuwa nimekisikia. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, na bara ya magharibi nilikuwa nikiijua kwa redio na kwa majina ya magunia ya unga. Akanialika kwao Agosti, maana mdogo wake alikuwa anatiwa jandoni. Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka ya shufwa, na mwaka ule ulikuwa 2024. Akaniongezea shauri moja: nipitie Kitale kwanza, katika jumba la makumbusho, ili nikifika kwao nijue ninachokitazama.

Basi la usiku kutoka Nairobi lilinishusha Kitale alfajiri, katika baridi niliyodhani nimeiacha Uingereza. Mji umezungukwa na mahindi pande zote. Hii ndiyo Trans Nzoia inayolisha nusu ya masufuria yetu ya pwani. Makumbusho yana historia yake. Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na cheo cha luteni kanali, alikuwa mkusanyaji asiyechoka wa wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, na mwaka 1926 akafungua makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo huo pamoja na fedha. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974, la kwanza la aina yake bara, nje ya Nairobi. Ndani nilikuta vibuyu, ngao, mapambo na ala za muziki za Waturka­na, Wapokot, Waluhya na majirani zao. Nje kuna nyumba za asili zilizojengwa kwa mfano wa miji ya makabila, na njia inayopita katika msitu wa asili. Nilisoma kila kibao. Watoto wa shule walikuwa wakipita mbele ya kabati kwa safu, na nikafurahi kuona mwalimu wao akiwasimamisha ili waulize.

Hata hivyo kabati la kioo lina mipaka yake. Chombo kilichomo hakitoi sauti, na anayekitazama hajui kinashikwaje wala kwa ajili ya nani.

Matatu ya Webuye hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Baada ya Kiminini nilianza kuwaona vijana wa jando: kundi linakimbia kando ya lami, mbele yao kijana kifua wazi, amepambwa kwa shanga, mikononi ana chinyimba, zile kengele za chuma zinazogongwa juu ya bangili. Dereva alipunguza mwendo, abiria wakapiga vigelegele kupitia dirishani. Hakuna aliyelalamika kuwa tunachelewa.

Mdogo wa mwenzangu naye alikuwa njiani siku hiyo, akiwaalika jamaa. Alirudi jioni kutoka kwa khocha, yaani mjomba wake, amevikwa shingoni nyama ya mnyama aliyechinjiwa huko, ishara kwamba upande wa mama umeridhia. Usiku kucha hakuna aliyelala. Litungu, kinanda chao cha nyuzi, lilipigwa na wazee, wanawake wakaimba, na kila baada ya muda shangazi au baba mdogo alimsimamisha kijana na kumwambia mbele ya watu wote kinachotarajiwa kwake. Kabla ya mapambazuko wakampeleka mtoni, akapakwa tope la baridi mwili mzima, akarudishwa kwa njia nyingine tofauti na ile aliyokwenda nayo, huku wimbo wa Sioyaye ukiimbwa na umati uliokuwa ukikua kila hatua. Uani alisimama wima akitazama mbele. Ngariba alipomaliza kijana hajapepesa jicho, na baba yake akalia machozi bila kuyaficha.

Sisi pwani pia tuna jando, lakini siku hizi twalimaliza haraka hospitalini au nyumbani, na biriani ikafuata. Kule niliona ukoo mzima ukimbeba mtoto. Akitoka hapo anaingia rika lenye jina, mojawapo ya manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Majina hayo huzunguka, na hurudi tena baada ya karibu karne moja.

Siku iliyofuata babu yao, aliyekuwa akiniita “mjukuu wa Mombasa”, alitupandisha Chetambe, juu ya mji wa Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walijikinga hapa ndani ya ngome ya ukuta na handaki, wakapigana na jeshi lililoongozwa na Hobley, afisa wa Kiingereza, kutoka Mumias, lenye askari wa Kisudani na washirika wa Kiganda na Kiwanga. Wao walikuwa na mikuki. Adui zao walikuwa na bunduki. Mzee alitembea ukingoni mwa handaki polepole, akituonesha kwa fimbo lilipopita.

“Nanyi mlimpokea mtu wetu,” akaniambia. Alimaanisha Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, ambaye zamani aliichezea Kenya mpira. Mwaka 1947 aliwakusanya wafuasi wake papa hapa Chetambe kuwaombea waliouawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini yake, na yeye akapelekwa kizuizini Lamu. Miaka yote niliyokwenda Lamu kwa Maulidi, sikuwahi kuambiwa habari zake. Alifariki mwaka 1987.

Hadithi hiyo ni ya Bungoma na ni ya Lamu pia, na nadhani shule za pwani zingepaswa kuifundisha.

Msimu wa jando la Wabukusu huja Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Msomaji, ukipata nafasi nenda. Anzia Kitale kwenye makumbusho, kisha teremka Webuye na upande Chetambe ukiwa na mwenyeji. Usiingie uani kwa watu bila kualikwa, na simu yako ibaki mfukoni mpaka mwenye mji akuruhusu kupiga picha.