Nuru ya Mwili Isiyoonekana kwa Macho

Katika lugha ya Kiswahili husemwa juu ya mtu mwenye afya na furaha kwamba uso wake una nuru; na juu ya mgonjwa aliyedhoofu, kwamba nuru imemtoka. Wasemao hivyo hawakusudii taa wala mshumaa. Walakini imethibitika kwamba usemi huo, pasipo wenyewe kujua, una ukweli ndani yake. Mwili wa binadamu aliye hai hutoa nuru, mchana na usiku, na uso ndio uliopatikana kuwa na nuru nyingi kuliko kifua na mabega.

Wataalamu wa Kijapani waliipiga picha nuru hiyo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Masaki Kobayashi wa Chuo cha Teknolojia cha Tohoku, katika mji wa Sendai, pamoja na wenzake, waliwaweka vijana watano wa kiume wenye afya njema katika chumba chenye giza totoro, vifua wazi, mbele ya kamera iliyopozwa hadi nyuzi 120 chini ya sifuri. Kila kijana alikaa kimya kwa dakika 20, na zoezi hilo likarudiwa kila baada ya saa tatu, tangu saa nne asubuhi hadi saa nne usiku, kwa siku tatu. Picha zilionyesha mashavu na kinywa vikiwa na mng'ao kupita sehemu nyingine. Aidha ilionekana kwamba nuru hiyo hubadilika kwa saa: asubuhi ilikuwa haba, na saa kumi alasiri ikafikia kilele chake.

Nuru hiyo haina uhusiano na mizimu. Chakula akilacho mtu huunguzwa polepole ndani ya mwili kwa msaada wa hewa ya oksijeni, ili apate nguvu za kutembea, kufikiri na kupumua. Katika kazi hiyo hutokea mabaki makali ya oksijeni, ambayo huyashambulia mafuta na protini za mwili. Baadhi ya chembe zilizoguswa hupata msisimko, na zinapotulia hutema nuru kidogo sana. Kimulimuli wa majanini hutumia njia nyingine kabisa. Yeye amejaliwa dawa maalumu ya kuwaka katika tumbo lake, na nuru yake ni ishara ya kuitana. Nuru ya binadamu haimwiti mtu. Ni kama cheche ndogo zirukazo fundi anapokaza kazi yake.

Habari za namna hii hazikai katika maabara tu. Hufika mitaani, na zikifika huwa zimekwisha badilika sura.

Bwaise, kaskazini mwa Kampala katika tarafa ya Kawempe, ni mahali pa bondeni. Maji ya mvua hutelemka kutoka vilimani hadi mfereji wa Nsooba, yakielekea kinamasi cha Lubigi; na mvua ikizidi, mfereji hufurika, maji yakaingia majumbani bila kubisha hodi. Wapangaji wengi hukaa katika vyumba vya mstari ambavyo wenyeji huviita mizigo. Umeme ukikatika, huwashwa mshumaa, au tadooba, yaani kibatari cha mafuta ya taa. Mbu ni wengi, na homa haikosekani.

Katika chumba kimoja cha mtaa huo alikaa mke wa askari, ambaye majirani walimwita Nnaalongo, jina la heshima la mama aliyezaa pacha. Watoto wake, Babirye na Nakato, walikuwa na umri wa miaka minne, na baba yao alikuwa kazini mbali na mji. Siku chache baada ya mafuriko Nakato alishikwa na homa kali. Jirani mmoja, kwa nia njema, akamleta mganga aliyejisifu kwamba huiona nuru ya mwili.

Mganga aliwakalisha watoto bega kwa bega, mshumaa ukiwaka nyuma yao, akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akatamka kwamba nuru ya Babirye imejaa, bali ya Nakato imebaki kiasi cha upana wa kidole. Ili aiwashe tena alitaka shilingi 80,000, na akakataza mtoto asiguswe na sindano wala kidonge kwa siku saba. Siku saba, kwa mtoto wa miaka minne mwenye homa!

Nnaalongo hakuwa mjinga. Alikwisha sikia redioni kwamba mwili wa mtu hutoa nuru, na hicho ndicho kilichompa mganga nguvu mbele yake. Lakini kabla ya kufungua kibindo, alimpigia mumewe simu.

"Ssaalongo, huyu mzee anasema nuru ya Nakato inazimika."

"Aliitazama gizani, au penye taa?"

"Palikuwa na mshumaa nyuma yao."

"Basi aliuona mshumaa. Mpeleke mtoto kituo cha afya sasa hivi, mama, usingoje kesho. Nauli naituma kwa simu."

Askari huyo alijibu kama mtu aliyezoea lindo la usiku. Kila aliyepata kulinda usiku ajua kwamba jicho likitoka penye taa huwa kama kipofu, na huhitaji karibu nusu saa gizani ndipo lipate uwezo wake wote. Hata likiisha kuzoea giza, nuru ya mwili ni hafifu mara 1,000 kuliko kile kiasi kidogo kabisa ambacho jicho tupu laweza kukihisi. Hakuna mganga, shehe, padri wala daktari awezaye kuiona. Mtu akimkazia mwenzake macho kwa muda mrefu bila kupepesa, ataona ukingo mweupe ukimzunguka. Huo ni uchovu wa jicho lenyewe, na utaonekana vilevile akiukazia macho mtungi. Kadhalika, afumbaye macho na kuyabonyeza huona vimulimuli, wala havikutoka nje.

Huenda wengine wakataja darubini za usiku, ambazo baadhi ya wanajeshi wamezitumia. Ziko zinazokuza mwanga mdogo wa nyota, na ziko zinazoonyesha joto la mwili. Joto ni jambo jingine. Kobayashi na wenzake walilipima pia, wakaona kwamba ramani ya joto ya mwili hailingani na ramani ya nuru. Mtoto mwenye homa hutambulikana kwa joto, nalo halihitaji jicho la ajabu. Hutosha kiganja cha mama, au kipimajoto.

Je, nuru hiyo haina habari yoyote juu ya uzima? Inayo. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, akiwamo Daniel Oblak, walitangaza kwamba waliwapiga picha panya wanne wakiwa hai kwa muda wa saa moja, kisha kwa saa nyingine baada ya kufa, huku miili ikihifadhiwa katika joto lilelile. Nuru ilipungua sana baada ya kifo. Majani ya mmea yaliyojeruhiwa nayo yaling'aa zaidi mahali pa jeraha. Hapo hapana budi kuangalia vema: sehemu iliyoumizwa ilizidisha nuru, haikuipunguza. Kwa hiyo hata hesabu ya mganga wa Bwaise, kwamba ugonjwa ni nuru iliyopungua, haisimami. Zaidi ya hayo, kazi hiyo ilitaka giza kamili, kamera ya pekee na subira ya saa nzima.

Kwenye kituo cha afya Nakato alitobolewa kidole, likatoka tone la damu, na kabla ya nusu saa kupita kipimo kilionyesha malaria. Alipewa vidonge vya siku tatu, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Muuguzi alimwonya mama kwamba mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, au akilala usingizi usioamshika, arudishwe mara moja, hata iwe usiku wa manane. Nnaalongo aliyarudia maneno hayo kwa sauti mpaka muuguzi akaridhika. Vidonge vilimalizwa vyote, ijapokuwa kufikia siku ya pili mtoto alikwisha anza kugombania uji na dada yake.

Baada ya juma moja mganga alipita tena, akamtazama Nakato mlangoni, akasema nuru imerudi yenyewe, na kwa sababu hiyo atapokea nusu tu ya malipo. Nnaalongo alimpa kikombe cha chai.