Nauza

Kwa Kiswahili ukisema "nauza," mwenye kuuza amejificha ndani ya neno lenyewe. Kiitaliano nacho ni hivyo hivyo: "vendo." Huhitaji kusema "mimi." Siku hiyo, kwa wakili mjini Malindi, nilisema "vendo" kama mara nne, na sina hata mnazi mmoja.

Ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, nikarudi nyumbani na kitu kimoja tu cha kuuza: Kiitaliano. Nilikiokota utotoni, mama akifanya kazi kwenye nyumba ya Waitaliano, mimi nikimngoja jikoni. Hapa si ajabu, watoto wa Malindi wakiona mzungu yeyote husema "ciao." Sasa naitwa kwa daktari na mgonjwa, kwa fundi na mwenye nyumba. Nakaa katikati, naukodisha mdomo.

Usiku naandika. Mbuzi anadaiwa nauli kwenye matatu ya Kilifi, anagoma kulipa. Hainiletei hata shilingi, lakini nacheka peke yangu mpaka mdogo wangu anagonga ukuta. Huku "mimi" ni mimi. Au ni mbuzi, nikitaka.

Turudi kwa wakili. Mzee alikuwa anauza shamba upande wa Mambrui. Bei ishakubaliwa, kalamu iko mezani. Ndipo akasema, taratibu:

"Mwanangu, mwambie chini ya ule mkwaju ndipo alipokuwa akikaa baba. Watu walimletea kesi zao jioni, akawapatanisha. Asiukate. Na akitaka kuukata, basi aniite kwanza, nije niuage."

Wakili akatazama saa. Mnunuzi akaniuliza, "Cosa dice?" Anasema nini?

Nikamjibu kwamba mzee anasema shamba lina kivuli kizuri.

Mnunuzi akatabasamu. Mzee akaliona tabasamu, akanishukuru, akatia sahihi.

Usiku ule niliandika kurasa sita, kwa raha ile ile. Mkwaju unasikiliza kesi za kuku na za wake wenza, kisha unahukumu kwa kumwangushia ukwaju kichwani mwenye makosa. Hadithi yangu tamu kuliko zote. Asubuhi niliisoma nikaona haya. Maneno niliyomnyima mnunuzi nilikuwa nimejiwekea mwenyewe.

Huwa napeleka wageni kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Nawaeleza kwamba mwaka 1498 Mreno huyo alipata hapa Malindi rubani wa kumvusha hadi India. Jina la Mreno kila mtu analijua. Kuhusu la rubani, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Zamani nilimhurumia, si unajua, mtu wa kati kama mimi. Siku hizi nawaza tu kwamba merikebu zilifika. Kazi yake aliifanya.

Basi nikampigia mnunuzi simu. Nikamwambia yote: baba, kesi, kuaga. Nikamwambia pia kwamba ni mimi niliyeyakata. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni mti upi.

Nikashindwa kumjibu. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu mti nisiowahi kuuona.

Jumamosi tunavuka daraja la Sabaki, sote watatu. Mzee atasema, mimi nitatafsiri. Daftari nimeamua nitaliacha nyumbani.