Muguka, Magarini na kura 494

Ishiara, Jumapili 9 Novemba 2025

Baada ya ibada magari ya kampeni yalifunga njia ya sokoni hadi saa tisa. Sijawahi kuona wakubwa wengi hivi wakipita Ishiara kwa msimu mmoja. Naibu Rais Kithure Kindiki anampigia debe Leo wa Muthende wa UDA. Mtangulizi wake, Rigathi Gachagua, na Justin Muturi wako na Newton Kariuki, ambaye kila mtu anamwita Karish, wa DP. Kiti chetu cha ubunge cha Mbeere Kaskazini kiko wazi tangu Geoffrey Ruku alipoteuliwa waziri wa Utumishi wa Umma mwezi wa nne, kujaza nafasi ya Muturi huyo huyo. Ruku aliingia bungeni 2022 kwa tikiti ya DP, chama cha Muturi. Sasa Ruku anaiombea UDA kura zetu. Wazee kibandani wanasema hizi ni nguvu za 2027 zinapimwa, na sisi ndio mizani.

Mawazo yangu mimi yako Magarini, kaunti ya Kilifi. Tarehe 27 nao wanapiga kura huko Pwani, siku moja na sisi. Muguka (majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa) ninayonunua upande wa Siakago huchumwa asubuhi, ikaondoka kwa Probox, na alfajiri mdogo wangu anaipokea Gongoni, huko huko Magarini. Atakayechaguliwa kule ananihusu karibu sawa na atakayechaguliwa hapa.

Alhamisi 20 Novemba

Nimezungumza na mdogo wangu. Anasema huko kiti kinagombewa na Harrison Kombe wa ODM na Stanley Kenga, safari hii akiwa na chama cha Gachagua, DCP. Ni wawili wale wale wa 2022, wakati Kombe alipotangazwa mshindi kwa kura 21, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu na ushindi ukafutwa. Halafu wakakaa bila mbunge, kwa sababu tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai mwaka huu. Watu wa Magarini walidhulumiwa. Basari, barabara, maswali ya bungeni, yote yalisubiri.

Kisha mkewe akaomba simu. "Shemeji," akasema, "watoto wangu wanasoma kwa pesa ya muguka, sikatai. Lakini kijana wa dada yangu halali usiku, ameacha kazi ya useremala, mchana kutwa yuko maskani anatafuna. Ana miaka kumi na sita. Nani alimuuzia?"

Sikuwa na la kumjibu. Hatuwauzii watoto, mdogo wangu ameniapia hivyo na namwamini. Lakini gunia likishafunguliwa Gongoni linagawanywa kwa vifuko, na vifuko vinafika mbali kuliko macho yetu.

Jumatatu 24 Novemba

Kampeni zimefungwa leo jioni. Mvua ya vuli imenyesha kidogo. Ndengu za mama zimeota upande mmoja wa shamba, upande wa pili ni vumbi.

Mchana nilimshika mmoja wa wapiga debe (wa chama gani, haidhuru) nikamuuliza mtu wake atafanya nini kuhusu muguka. Akajibu, "Tutailinda." Kwa njia gani? Akaingia kwenye gari.

Mwezi wa tano 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka. Kilifi ikafuata, na Taita Taveta. Siku zile magunia yalinioozea nyumbani. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi, na Rais akasema haziwezi kushinda sheria ya taifa inayotambua zao hili. Huku tulishangilia, nami nikiwamo. Lakini mahakama ilizuia amri tu. Haikuweka umri wa mnunuzi, haikumtaja muuzaji wa rejareja wala mama mwenye kijana asiyelala. Kazi hiyo ni ya Bunge. Wabunge ndio wanaoweza kuandika sheria inayomruhusu mkulima wa Siakago kuuza na kumkataza mtu yeyote kumuuzia mtoto wa Gongoni, kisha wadai fedha za kuisimamia. Msimu mzima sikusikia mgombea yeyote akilisema hivyo.

Alhamisi 27 Novemba

Nimepiga kura saa moja na nusu asubuhi. Foleni ilikuwa fupi kuliko 2022. Vijana wa bodaboda walikuwa wengi barabarani kuliko kituoni, na hilo limenisumbua siku nzima.

Jioni tulisimama mlangoni kusubiri fomu 35A, ya matokeo ya kituo, ibandikwe. Mama mmoja alinakili hesabu zote kwenye daftari la mtoto wake la shule. Laiti kila kituo kingekuwa na mama kama huyo.

Ijumaa 28 Novemba

Muthende 15,802, Karish 15,308. Tofauti ni kura 494. Duncan Mbui wa Chama Cha Kazi, aliyekuwa mwakilishi wadi wetu hapa Evurore, alipata zaidi ya 2,000. Vijana wa pikipiki niliowaona jana katika mji huu na Siakago wangetosha kugeuza matokeo, au kuyathibitisha bila ubishi. Kituo kimoja kimoja ndivyo kura 494 zinavyopatikana au kupotea.

Magarini hakukuwa na mchuano: Kombe amepita na kura zaidi ya 17,000, Kenga hakufika 9,000. Mdogo wangu anasema biashara ilifunguliwa mapema.

Jumapili 30 Novemba

Nimeandika barua mbili, moja kwa kila mheshimiwa, zenye maneno yale yale. Nimewaomba Muthende na Kombe waketi pamoja, mmoja akiwa na wakulima wa huku na mwingine akiwa na wazazi wa Magarini, walete bungeni sheria moja ya muguka: leseni kwa kila muuzaji, marufuku kwa walio chini ya miaka 18, na sehemu ya ushuru wa magunia iende kwenye matibabu Kilifi na maji ya kunyunyizia ndengu Evurore. Najua sheria hiyo itanipunguzia mauzo. Iletwe hata hivyo, na iletwe kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, siku watakayorudi kutuomba kura.