Jua, Mwezi na nyota: hekalu la Wahindi na safari ya Mwindo

Sisi watu wa Kalembe tunakaa mpakani. Upande huu ni Masisi, upande ule ni Walikale. Wahunde, Wanyanga na wengine tunakutana kwenye soko moja. Kuona desturi ya jirani si jambo geni kwetu. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 2000, askari wa India wa MONUC (ambayo tangu 2010 inaitwa MONUSCO) walipoweka kambi zao katika Kivu ya Kaskazini, tuliona desturi ya mbali kabisa. Wengine walifunga kilemba, wengine walikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso. Watu walikuwa wanaulizana: "Wale Wahindi, wanasali nani? Ni kweli wanasali nyota?"

Swali hilo ni zuri. Tunapenda kulijibu hapa, kiisha tujiulize sisi wenyewe kuhusu nyota zetu.

Huko India, katika jimbo la Odisha, karibu na bahari, kuna hekalu la kale linaloitwa Konark. Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza alilijenga mnamo mwaka 1250, kwa heshima ya Jua, ambalo wao wanaliita Surya. Walilichonga kwa mawe, sawa vile gari la kukokotwa: magurudumu 24 ubavuni na farasi saba mbele, kama vile Jua lenyewe linasafiri. Mnara wake mkubwa umeanguka. Kipande cha mwisho kilianguka katika karne ya 19. Mwaka 1903 Waingereza walijaza mchanga ndani ya ukumbi uliobaki ili usibomoke. Tangu 1984 hekalu hilo limo katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Juu ya mlango wa hekalu palikuwa na jiwe refu lenye sura tisa zilizoketi mstari mmoja. Hao ndio Navagraha, wale tisa wa mbinguni: Jua, Mwezi, Mars, Mercure, Jupiter, Vénus, Saturne, na wengine wawili, Rahu na Ketu, ambao hawaonekani kwa macho. Inasemwa hao wawili ndio wanaomeza Jua na Mwezi wakati wa kupatwa. Jiwe hilo sasa limewekwa katika nyumba ndogo kando ya hekalu, na watu wanaendelea kusali mbele yake. Nyumba kubwa ilianguka, heshima ikabaki.

Tusicheke haraka. Mtoto wetu wa shule anayesema lundi, mardi, mercredi, anataja hao hao: Mwezi, Mars, Mercure. Jeudi ni ya Jupiter, vendredi ya Vénus, ila samedi inatoka kwa neno Sabato. Kihindi kinafuata mpango huo huo: Somvar ni siku ya Mwezi, Mangalvar ya Mars, na kuendelea mpaka Shanivar ya Saturne. Ni Kiswahili chetu cha hapa kilichoshika njia yake: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku ya posho na siku ya Mungu. Wengine waliita siku kwa nyota. Sisi tuliziita kwa kazi, kwa chakula na kwa sala.

Kati ya wale tisa, anayeogopwa zaidi ni Shani, yaani Saturne. Wahindi wengi wanaamini kwamba kuna kipindi cha miaka saba na nusu ambacho Shani anamlemea mtu: biashara inakufa, ugonjwa hauishi, ndoa inayumba. Mtu huyo anafanya nini? Siku ya posho anaenda hekaluni na mafuta na ufuta mweusi. Kule kusini, Thirunallar, anaoga kwanza katika ziwa la hekalu, halafu anaingia kusali. Tuangalie vizuri hapo: mzigo wake anaupeleka kwa Shani mwenyewe. Hamtafuti jirani aliyemletea.

Na sisi? Tunasema hatusali nyota. Lakini kijana akikosa kazi, msichana akikosa mchumba, utasikia: "Wamemwibia nyota." Mara moja linafuata swali lingine: nani ameiba? Kiisha kidole kinaelekea kwa bibi mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au kwa shangazi, au kwa mke mwenza. Kwa neno moja la nyota, nyumba inavunjika na mzee anafukuzwa kijijini. Hayo tumeyaona, wala si mara moja.

Tunajiuliza mambo hayo yametoka wapi, maana wazee wetu walifundisha kuhusu anga kwa njia nyingine. Mwaka 1956, kule Walikale, Candi Rureke alisimulia habari za Mwindo kwa siku nyingi, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaziandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Mwindo, mtoto wa Shemwindo, alikuwa shujaa mwenye majivuno mengi. Alipoua joka Kirimu, rafiki wa damu wa Nkuba, yaani Radi, Nkuba alishuka akampandisha juu. Kule Mwindo alikaa mwaka mzima. Baridi ilimpiga, mvua ikamnyeshea, jua likamchoma. Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, kila mmoja alimkaripia juu ya majivuno yake. Aliporudi duniani hakumtafuta mtu wa kumshitaki. Alikusanya watu wake akawapa sheria: wasigombane, wasimcheke mlemavu, wakubali mtoto mrefu na mtoto mfupi, wasikilizane.

Basi, anga ya Mwindo haina hekalu la mawe, lakini ina fundisho: mtu akipanda juu sana, mbingu inamrudisha chini akiwa mpole. Wala haikumtuma kwenda kumwinda jirani yake.

Oktoba 2024 vita viliingia Kalembe yenyewe, na watu wakatawanyika. Wakati wa shida kama huo ndio watu wanatafuta haraka nani kaleta balaa, na wasimulizi nao wanaondoka bila kumwachia mtu maneno yao. Konark inatuonyesha kwamba nyumba inaweza kuanguka na jiwe la mlangoni likabaki na watu wake. Sisi jiwe letu ni masimulizi. Wazazi na walimu, popote mlipo, hata kambini, waambieni watoto habari ya Mwindo kule juu. Na mtu akija kulia kwamba nyota yake imeibiwa, mkalisheni, mumsikilize, mumsaidie kutafuta kazi. Bibi mzee wa jirani mumwache alale kwa amani.