Kilosa Ndani ya Nyumba ya Mikumi

Nyumba ile imo Mikumi, karibu na njia panda ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa huachana na ile ya Kilosa. Wenyewe walihamia hapo baada ya mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, ukaingia majumbani mwa watu wa Kilosa na kuisomba reli. Miaka mingi baadaye mzee alipofunga ruta sebuleni na kutakiwa ataje jina la mtandao, hakusita: aliandika Kilosa. Majirani waliofungua simu zao wakacheka kuona Kilosa imehamia Mikumi. Yeye hakuwa anatania.

Mzee amekwishafariki. Mawimbi ya ruta yake hayafiki chumba cha uani anakolala mkewe, maana kuta ni za matofali na ziko tatu njiani. Mjukuu akaleta kifaa cha kuongeza mawimbi, nacho, kama ilivyo desturi ya vifaa hivyo, kikalichukua jina la ruta na kulipachika mkia: Kilosa_EXT.

"Huyu EXT ni nani, mume wangu?" bibi akauliza.

"Mkia tu, bibi. Wa kujua upi ni upi."

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Majina yakiwa mawili, kasoro ikitokea hujulikana iko upande gani. Lakini bibi angelazimika kuchagua kwa mkono kila atokapo uani, kwani simu aghalabu hung'ang'ania mtandao iliouzoea hata ukibaki uzi mwembamba. Jina likiwa moja na neno la siri moja, simu huyahesabu mawimbi yote kuwa mtandao mmoja, ikahama yenyewe. Japo huhama itakapo yenyewe, si atakapo mwenye simu. Na herufi sharti zilingane, kwa kuwa Kilosa na kilosa ni mitandao miwili.

Ndipo mjukuu akatoa shauri la tatu: jina la kale lifutwe, nyumba nzima iitwe Mikumi, maadam ndiko wanakoishi. Akaongeza kuwa jina husomeka hata na dereva wa lori aliyeegesha nje, si vyema limtangaze mwenye nyumba alikotoka. (Hapo alitia chumvi, mlango hulindwa na neno la siri, si na jina.)

Bibi alikaa kimya kitambo. "Nyumba ilizama," akasema. "Na jina nalo tulizamishe?"

Mjukuu akaufuta ule mkia, akaingiza neno lile lile la siri alilolitunga babu yake. Jioni bibi alitoka sebuleni kwenda uani, simu sikioni, akizungumza na binti yake aliyeko Dodoma. Penye kizingiti sauti ilikatika. Alipofika kitandani ikarudi, binti akiuliza kama mama bado yupo.