Usiilize Injini

Nimeishi Unguja kwa zaidi ya miaka 20, kisiwa ambacho miteremko yake haimtishi hata dereva wa gari ya ng'ombe. Ndiyo maana nikitaja milima, wenzangu wa barazani hunisikiliza kama wasikilizao ngano. Lakini mimi ni mzaliwa wa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kando ya mto Ruaha Mdogo. Na baada ya darasa la saba chuo changu kilikuwa lori. Mwalimu alikuwa mjomba wangu, na somo lake kuu lilikuwa na maneno mawili tu: usiilize injini.

Ilikuwa mwaka 1986, nami nina umri wa miaka 16. Nchi ilikuwa haijapona uhaba wa mafuta. Tuliikumbuka vyema miaka ambayo magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili alasiri. Mjomba aliendesha Isuzu ya tajiri mmoja, akipakia viazi Uyole, Mbeya, na kuvishusha Iringa, safari ya kilomita zaidi ya 300. Utingo tulikuwa wawili, mimi na kijana mwenzangu wa mtaani. Tajiri alitoa dizeli kwa kipimo. Iliyosalia baada ya safari, mjomba aliifyonza kwa mpira usiku, akaiuza. Sitaificha habari hii kwa maneno mazuri: alichokibana kwa ustadi hakikuwa chake.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa kweli. Ulidhihirika katika tambarare ya Usangu, kati ya Igurusi na Igawa. Madereva wengine waliivuta gia ya pili mpaka injini ikapiga mayowe. Mjomba alibadili mapema: ya pili, ya tatu, ya nne, na punde yumo katika ya tano, injini ikinguruma chinichini kama mzee ajisomeaye barua. Kila mzunguko wa injini una ushuru wake. Pistoni husuguana na kuta za silinda, pampu ya maji na ya oili huzungushwa, na ushuru huo hulipwa kwa mafuta. Gari iendayo mwendo uleule kwa mizunguko michache hulipa ushuru mdogo. Lakini palikuwa na mpaka. Lori lilipoanza kutetemeka na injini kugonga, mjomba alirudi gia ya chini bila kusita, maana injini inayolazimishwa kuvuta mzigo ikiwa imekabwa pumzi huumia mifupa yake. "Usiilize," alisema, "na wala usiikabe."

Kwa fedha ya dizeli ile alininunulia, Mbeya mjini, kamusi kuukuu ya Kiingereza na Kiswahili. Niliisoma neno kwa neno, njia nzima. Kazi yangu yote ya kufasiri imeanzia hapo.

Barabara yenyewe ni bintiye mafuta. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikosa njia ya kuagizia petroli, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakipanda Kitonga na kupita Iringa na Mbeya kwa njia ya vumbi na tope. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola. Kisha ikaja lami, na reli ya TAZARA. Kwa hiyo, tulipokuwa tukibana dizeli kwa vikombe, mafuta ya nchi nyingine yalikuwa yakipita ardhini katika nyanda zilezile. Nilipomwambia mjomba jambo hilo alicheka, akasema mwenye kiu hafaidiki kwa kujua kisima cha jirani.

Kosa lake lilikuwa kwenye miteremko. Ukitoka Uyole kuelekea Igurusi, barabara huporomoka upande wa Inyala. Hapo mjomba aliweka gia huru, ambayo madereva huiita frii, kisha akazima injini. Lori lilishuka kimya, upepo ukivuma madirishani, naye akitabasamu kama aliyepewa kilomita za bure. Safari zote lilifika salama, ila moja. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mwenzangu kukaa ndani, lakini nilimwomba tubadilishane ili nisome. Akapanda juu ya magunia. Injini iliyozimwa haijazi upepo wa breki, na breki zinazokanyagwa mteremko mzima huunguza moto hadi zikaacha kushika. Mjomba alilipeleka lori kwenye ukingo wa kilima. Mimi na yeye tulitoka na michubuko. Mwenzangu alikatwa mguu chini ya goti.

Mwaka 2023 nilikwenda Mbeya kwa msiba, na nilirudi Iringa ndani ya lori la mpwa wangu. Kule Inyala alishusha gia mapema, ndogo kabisa, na injini ikalia kwa sauti ambayo mjomba asingeivumilia. Nikamuuliza kama haoni hasara. "Mjomba, tazama hapa," akanionyesha kioo mbele yake. Kipimo cha mafuta yanayotumika kilisoma sifuri. Akaeleza kwamba gari likishuka katika gia, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, ni magurudumu yanayoizungusha injini, na mafuta hukatwa. Injini ikiachwa frii, lazima inyweshwe ili isizimike.

Nilidhani hayo ni ya magari ya kisasa. Nilipofika Iringa nikamtafuta fundi wa pampu, mzee wa zama zetu. Akanijibu kwamba hata pampu za kale zilikuwa na gavana wa chuma na springi aliyefanya kazi ileile. Katika mteremko mkali namna ile, kuzima injini kulituokolea nini? Hakuna, akasema. Gia ndogo ingelishika lori, na dizeli isingetumika.

Katika ushairi nimeishi kwa fundisho la tambarare. Sipendi ubeti upigao mayowe, na nikifasiri huondoa neno lisilobeba mzigo. Nimesifiwa kwa ubahili huo, nami nilijivunia. Baada ya safari ile nimerudi katika baadhi ya kazi zangu na kukuta mahala ambapo huzuni ya mwandishi iliporomoka kama Inyala, nami nikazima injini nikashuka kimya, nikiita kimya hicho ustadi. Pale palitaka kilio.

Mwenzangu yu hai. Anauza nyanya Ipogolo, karibu na daraja, na mkongojo wake huuegemeza kwenye meza. Nilikaa naye hadi jua likatua kabla sijathubutu kumweleza alichosema fundi. Alinyamaza, akapanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

"Hata kikombe?" akauliza.

"Hata kikombe."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaniuliza kama ile kamusi nilikwisha kuimaliza. Nikamwambia bado.