Bunduki za Banissa

Sehemu kubwa ya utumishi wangu katika polisi nilishika funguo za ghala la silaha, na swali lililonifuata kila kituo lilikuwa moja: afande, bunduki ifunguliwe kila baada ya muda gani? Makurutu waliliuliza, makoplo waliliuliza, na wakuu wa vituo walitaka jibu la kubandika ukutani. Jibu nililipata Banissa na sijalibadilisha. Inategemea bunduki imefanya nini, na imelala wapi, tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho.

Nilipelekwa huko katikati ya miaka ya 1990. Banissa ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Mandera, miaka mingi kabla ya kupata mbunge wake katika uchaguzi wa 2013. Upande wa Malka Mari mto Daua ndio mpaka wetu na Ethiopia. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Mogadishu Januari 1991, ya Mengistu ikafuata Addis Ababa mwezi Mei mwaka huohuo, na silaha za majeshi mawili zikawa zinauzwa na kununuliwa kandokando ya mipaka. Mfugaji aliyekwenda kisimani na ngamia zake alijua kwamba anaweza kukutana na AK-47 njiani. Ndiyo maana sikuona usafi wa bunduki kuwa jambo la gwaride. Kule, bunduki ikigoma, mtu hafi peke yake. Mifugo ya ukoo mzima huondoka.

Kiganjo, kwenye chuo cha polisi, tulifundishwa kupaka mafuta kwa ukarimu. Huko Nyeri kuna baridi na umande, na chuma kikavu hushika kutu. Mombasa, nilikofanya kazi baadaye, hewa ya chumvi ilidai zaidi ya hayo. Lakini Banissa wakati wa jilaal, ule ukame mrefu baada ya mwaka mpya, huona umande kwa nadra. Kuna vumbi linaloingia kwenye chai, kwenye kufuli na masikioni. Mafuta mengi yakikutana na vumbi hilo ndani ya bunduki, huwa kama tope la kunolea visu, na kila bolti inapokwenda na kurudi hujisaga yenyewe. Kwa hiyo nilipunguza mafuta nikaongeza kitambaa. Nje ilifutwa kila siku, mtutu ulichunguliwa kila siku, na mafuta yalipakwa kwa ncha ya kidole pale tu ambapo chuma hukwaruzana na chuma.

Askari wetu walibeba G3. Ni bunduki imara, lakini ina siri yake ndani ya chemba: mifereji myembamba iliyochongwa ili gesi ipite pembeni ya ganda la risasi na kulisaidia litoke. Mifereji hiyo ikijaa masizi, ganda hung'ang'ania. Bunduki yaweza kung'aa nje, mtutu ukang'aa pia, lakini ikakwama kwenye risasi ya pili. Nilisisitiza kwamba G3 ikishapigwa, hata risasi moja, ifunguliwe siku hiyohiyo: chomoa magazini kwanza, vuta bolti, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, kisha ndipo utoe pini mbili za kitako. Mpangilio huo sikuruhusu ubadilishwe na yeyote, hata mkuu. Risasi iliyosahauliwa ndani ya chemba huua wenzako mezani.

Ambayo haikupigwa sikuona haja ya kuikongoa. Hapo ndipo nilipobishana na wengi. Katika kituo kimoja nilichopitia kabla ya Banissa, bunduki zote zilikongolewa kila asubuhi kwa amri. Pini zilipotea, matundu yakalegea, na midomo ya mitutu ikaliwa na fito za chuma zilizosukumwa kutoka mbele. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukiharibika, shabaha imekwisha. Nafasi kati ya bolti ya G3 na kipande kinachoibeba haitakiwi kupungua chini ya milimita 0.1, wala kuzidi 0.5. Hiyo hupimwa kwa geji, na hakuna wingi wa kupangusa unaoweza kuirudisha ikishapungua. Nasema kwa moyo wote: bidii isiyo na sababu imechakaza bunduki nyingi nilizozipokea.

Walionishughulisha zaidi walikuwa polisi wa akiba. Hawa ni wafugaji wa huko, Wagare wengi wao, waliokabidhiwa bunduki kulinda vijiji na visima bila mshahara. Wengi walikuwa na Mark 4, bunduki ya Waingereza yenye kupokea risasi ya inchi .303, iliyotengenezwa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Hazikulala ghalani kwetu. Zililala ndani ya vibanda, karibu na moto, zikipakwa samli ya mbuzi. Samli huganda, huchacha na hunasa mchanga. Niliwaomba wapite kituoni kila wanapokuja sokoni, tukatandika mkeka chini ya mti.

Siku moja mzee mmoja na shemeji yake walisafisha bunduki zao pamoja. Nilipokagua namba, nikaona kila mmoja amechukua bolti ya mwenzake.

“Afande, bolti si bolti?” mzee akauliza.

“Hapana, mzee. Hii ilifungwa kwa bunduki yako kiwandani. Tazama namba.”

Nikamwonyesha tarakimu kwenye mkono wa bolti na kwenye mwili wa bunduki. Kichwa cha bolti ya Mark 4 kilitengenezwa kwa saizi nne, kuanzia 0 hadi 3, ili nafasi ya risasi iwe barabara. Ukichanganya, ganda laweza kupasuka mbele ya uso wako. Tangu hapo mzee huyo ndiye aliyekagua namba za wengine, na alikuwa mkali kuliko mimi.

Risasi zao nyingi zilikuwa za zamani, zenye baruti ya kuwashia inayoacha chumvi mtutuni. Mafuta hayaondoi chumvi; maji ya moto huiondoa. Niliwafundisha kumimina maji yanayochemka kwa faneli kutoka upande wa chemba, kukausha, kupaka mafuta, kisha kurudia kupangusa siku chache zilizofuata. Kuwaomba watu wa jilaal wamwage maji si jambo dogo. Walifanya.

Kisha ikaja El Niño. Mvua zilianza Oktoba 1997 na kuingia 1998. Barabara zilikatika, malori yakazama, homa ya Bonde la Ufa ikafyeka mifugo kaskazini mashariki. Kanuni zangu za vumbi zikawa hazina kazi. Kutu iliota usiku mmoja, hata chini ya mbao za Mark 4, mahali ambapo mwenye bunduki haruhusiwi kufungua kwa sababu mbao zikirudishwa vibaya shabaha huhama. Nilizifungua mwenyewe, moja baada ya nyingine, jiko la mafuta ya taa likikausha vitambaa pembeni.

Nilipohamishiwa Garissa nilikabidhi funguo pamoja na daftari nililolianzisha, kila bunduki na ukurasa wake. Kabla ya tarehe ya kufunguliwa kulikuwa na safu ya sababu: imepigwa, imenyeshewa, imeanguka, imekwama. Aliyenipokea akauliza afanye nini na zile ambazo safu yake ni tupu. Nikamwambia apitishe kitambaa mtutuni, afute vumbi, na kuzirudisha ghalani.